Ugonjwa Uliokuja na Wenzake

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa na muuguzi wa kliniki ya kifua. "Mzee wangu, andika kila siku unavyojisikia. Pumzi, kikohozi, usingizi, chakula, chochote. Ukirudi kwa daktari usianze kukuna kichwa." Nikamwambia mimi ni fundi wa sakafu, kalamu yangu ni mwiko. Hakucheka. Alikuwa na foleni hadi nje.

Basi naandika. Miaka thelathini na minne nimemwaga terazo, saruji yenye vipande vya mawe, na kuisugua mpaka mtu aone uso wake ndani. Shule, benki, hata ngazi za hospitali hii nilizozipanda leo kwa kupumzika mara tatu. Daktari wa kifua ni binti mdogo, angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Amenionyesha picha ya mapafu. Huku chini, kulia na kushoto, kumetanda nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. "Haya ni makovu," akasema. "Mapafu yamekakamaa, hayatarudi kuwa laini. Dawa itapunguza mwendo wa ugonjwa, haitaufuta." Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Saruji ikishashika, imeshika.

Nikamuuliza kama ni vumbi la kazi. Akasema huenda, na huenda si vumbi peke yake.

Akaniuliza kama kuna jingine. Tumbo je? Usingizi? Miguu? Moyo kuwa mzito? Nikasema hakuna, ni kifua tu. Mke wangu alinitazama kwa pembe ya jicho.

Mvua ya kwanza ya msimu imetukuta njiani.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Kikohozi kikavu. Shemeji amehamia kwetu.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji ni mdogo wake mke wangu, wa pekee aliyebaki. Ukuta wa nyumba yake umeanguka kwa mvua, atakaa nasi hadi mvua ikatike ajenge upya. Sina neno, ndugu ni ndugu. Lakini alikuwa karani wa mahakama, kazi yake kusoma mashtaka kwa sauti, na tangu astaafu hajapata wa kumwambia anyamaze. Husoma kila kitu. Maandishi ya kwenye gunia la mchele. Karatasi ya dawa zangu, yote, mpaka mahali palipoandikwa isihifadhiwe juani. Mimi nahesabu maneno kwa sababu ya pumzi, yeye anayamwaga kama mtu aliyeacha bomba wazi. Nimempa jina la Redio. Angekuwa na betri ningeitoa.

Ijumaa, 14 Machi

Nikilala tu, kitu kichungu hupanda kutoka tumboni mpaka kooni, nikaamka nakohoa kama nimemeza moto. Kimeanza zamani, mwaka sasa. Mke wangu hajui, anadhani ni kikohozi kilekile. Na abaki hivyo. Kifua kimeshanifungulia kesi moja, sitaki majalada mengine.

Jumanne, 18 Machi

Nilikwenda kuchukua dawa, Redio akanisindikiza kwa lazima. Mwendo wa dakika kumi umetuchukua saa nzima. Husimama kila mlango. Kwa mshona viatu akauliza habari za gundi. Kwa kinyozi akauliza kama vioo vimepanda bei. Kwa mama mmoja anayeuza vitabu vikuukuu akafungua kimoja akaanza kusoma, mimi nimeegemea ukuta namsubiri, jasho linanitoka. Nilirudi nimechoka, na yeye anatabasamu.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Sikutoka.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Sikutoka.

Jumatano, 2 Aprili

Naamka asubuhi kichwa kinagonga, mdomo mkavu, kama sikulala kabisa. Nikikaa kitini mchana kidevu kinaanguka kifuani. Leo nilisinzia na kijiko mkononi. Kisha mke wangu akawasha cherehani, ana sare za shule nzima za kumaliza kabla muhula haujafunguliwa, nikamfokea. Nimeishi na sauti ya cherehani ile miaka ishirini na tisa na sijawahi kuilalamikia. Akaizima. Akashona kwa mkono mchana kutwa, kichwa kimeinama, macho mekundu. Nikasema moyoni, ananinunia.

Jumamosi, 5 Aprili

Fundi mwenzangu alikuja. Tulianza wote tukiwa vijana wa kuchanganya mchanga. Amepata kazi ya ukumbi mkubwa, na vijana wa siku hizi, anasema, wanaweka vipande vya mawe kama wanaotupia kuku mtama. "Njoo ukae kitini tu, ndugu yangu. Unyooshe kidole. Useme hapa sawa, hapa bado."

Nikamwambia nina shughuli.

"Shughuli gani?"

Ukweli ni kwamba sitaki vijana wanione nikihema kwa kunyoosha kidole. Alipoondoka nikaingia chumbani, nikakaa kitandani, na machozi yakaja yenyewe, bila msiba wala habari. Yamekuwa yakija hivyo tangu mwezi uliopita. Redio akafungua mlango akitafuta miwani yake. Akaniona. Akafunga mlango taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie hakusema neno.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo sikumeza vidonge. Jana pia. Juzi pia. Navitia mfukoni, kisha navitupa chooni. Vinanikata hamu ya kula, na kwa faida gani? La kuvunda halina ubani.

Nakaa kitini tangu asubuhi hadi jioni. Kiti kimeshapata umbo langu.

Jumapili, 13 Aprili

Mguu wa kushoto unauma nyuma, kwenye msuli. Umevimba. Nimeshusha suruali ifunike, lakini Redio ana macho ya karani.

"Shemeji, mguu huo una nini?"

"Uzee."

"Uzee wa mguu mmoja? Miguu yote miwili umezaliwa nayo siku moja."

Mke wangu akaacha kukunja nguo. Akapiga magoti, akabonyeza, shimo la kidole chake likabaki pale. "Kesho hospitali," akasema. Nikasema siendi, ni kukaa sana tu, kifua kikiniruhusu nitatembea utapungua. Redio akasema mficha maradhi kifo humfichua. Nikamwambia katika nyumba yangu nafichuliwa na mtu mmoja tu, naye ni yeye, na ukuta wake ukikauka aende akaufichue huko. Mke wangu akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli. Redio akabaki amekaa, anautazama mguu wangu.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandika nikiwa wodini, nimeegemea mito mitatu, bomba la oksijeni puani. Nitaandika yote, kwa sababu nina muda na kwa sababu nimeona daftari hili lilivyofanya kazi nilipolala.

Jumanne asubuhi nilisimama kwenda kunawa uso. Hatua ya nne, pumzi ikakatika. Si kama siku zote, ya kupungua polepole. Ilikuwa kama mtu amefunga mlango na kuondoka na ufunguo. Kisu upande wa kulia wa kifua. Niliona sakafu inanijia, sakafu niliyoimwaga mwenyewe mwaka tuliooana, nikawaza, hapa kwenye kona nilikosea.

Mke wangu anasema Redio alinibeba. Mtu wa miaka hamsini na minane, mwembamba kama fimbo, alinibeba mgongoni hadi barabarani kwenye matope, akasimamisha gari la kubeba maziwa. Huko kote alikuwa anasema. Hakunyamaza. Alimsomea dereva njia, kata kulia, shika kushoto. Kwenye chumba cha dharura, daktari kijana wa zamu akatazama jalada langu, akaona makovu ya mapafu, akasema, "Ugonjwa wake umefika hatua ya mwisho. Tumpe oksijeni, tumpumzishe." Mke wangu akaanza kulia. Alishaelewa maana ya kupumzishwa.

Redio akasema, "Kijana wangu, tazama mguu."

"Mzee, tatizo ni mapafu."

"Mapafu yanajulikana. Mimi nauliza mguu. Jana na juzi ulikuwa unavimba, mmoja tu, wa kushoto. Asubuhi hii akakosa pumzi ghafla. Siondoki hapa mpaka mtu autazame."

Walimtishia kumwitia mlinzi. Akasema mlinzi aitwe, naye atasomewa. Wakamwita daktari wangu wa kifua ili tu wamwondoe. Binti yule akaja mbio, akafunua shuka, akaona mguu, akaagiza picha ya mashine kubwa palepale. Damu ilikuwa imeganda mguuni, na donge moja limekatika, limepanda hadi kwenye mshipa wa pafu. Sindano ya kuyeyusha ilichomwa mchana uleule. Hatua ya mwisho haikuwa imefika. Ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa, wenye dawa, umejificha nyuma ya ule tunaoujua.

Haya nilisimuliwa. Linalofuata nilikuwepo, macho nimefumba, wote wanadhani nimelala.

Ilikuwa Alhamisi. Daktari alimuuliza mke wangu kama nina mengine niliyomficha. Mke wangu akatoa daftari kwenye mkoba. Kumbe alijua liko chini ya godoro, ila hakuwahi kulifungua, na miwani aliisahau nyumbani. Daktari akajaribu kusoma, mwandiko wangu ukamshinda. Redio akasema, "Lete." Akasimama. Aliposimama nikajua yaliyo mbele yangu. Akasafisha koo kama yuko mahakamani.

Alisoma kila kitu. Uchungu unaopanda kooni, daktari akaandika. Kichwa cha asubuhi, kusinzia na kijiko, daktari akaandika. Lakini kabla ya hayo alifika tarehe tisa Machi. Nikasali aruke mstari. Hakuruka. "'Nimempa jina la Redio,'" akasoma kwa sauti ileile, wala haikupanda wala haikushuka. "'Angekuwa na betri ningeitoa.'" Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Redio akafungua ukurasa, akaendelea. Machozi ya chumbani. Kisha vidonge vilivyotupwa chooni.

Nikafumbua macho. Mke wangu alikuwa ananitazama.

"Umekuwa ukivitupa?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Unajua mimi silali?" Sauti yake ilikuwa chini sana. "Tangu mwaka jana. Ukilala unaacha kupumua. Unakoroma, unakoroma, kisha kimya. Nahesabu. Nikifika ishirini nakusukuma bega, unashtuka, unaanza tena. Kila siku. Asubuhi naamka nashona. Nikidhani nakusaidia. Kumbe nahesabu pumzi za mtu anayezitupa."

Akatoka. Daktari akasema taratibu, "Anaacha kupumua?" na akaandika mstari mrefu kuliko yote.

Mke wangu alirudi baada ya saa moja. Uso umeoshwa. Akakaa, akanikunjia mkono wa shati ili nisiuchafue na uji. Sikustahili.

Jumatano, 23 Aprili

Daktari alivuta kiti leo, akakaa, jambo ambalo madaktari hawalifanyi.

"Mzee wangu, makovu ya mapafu ni nadra kuja peke yake," akasema. "Huja na wenzake. Asidi ya tumboni hupanda, na ikiingia kwenye pafu inaweza kulichokoza. Usingizini njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka, upande wa kulia wa moyo unasukuma kwa nguvu mpaka unachoka. Wako tumeupima, umeanza kutanuka kidogo. Mtu asiyelala na asiyepumua vizuri hupata huzuni, na huzuni hiyo ni ugonjwa, si udhaifu. Mwenye huzuni hatembei. Asiyetembea damu yake ni rahisi kuganda."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo kiti ndicho kilichotaka kuniua?"

"Kiti, na kunyamaza." Akatabasamu kidogo. "Makovu siwezi kuyaondoa. Lakini hawa wengine karibu wote wana dawa, au wana la kufanywa. Ukinificha mmoja unawaficha wote."

Nikamwambia vile vidonge vinanikata hamu ya kula. Akashangaa. "Mbona hukusema? Tungepunguza kipimo, tungekupa umeze na chakula." Lilikuwa jambo la dakika mbili. Mimi nilikuwa tayari kulifia.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimerudi nyumbani. Mvua bado. Kichwa cha kitanda kimeinuliwa kwa matofali mawili, kile kichungu kisipande. Redio ameyapima kwa pima maji ili kitanda kisiyumbe. Kayapanga vizuri, sikutegemea.

Nilimwita. Nikamwambia, "Shemeji, yale niliyoyaandika."

"Yapi? Niliyosoma ni mengi."

"Ya betri."

Akafikiri. "Nilisomea watu hukumu za miaka thelathini jela, shemeji, nikiwaangalia usoni. Ya betri ni faini tu." Kisha akaongeza, bila mzaha, "Marehemu mke wangu alisema hivyohivyo. Alipofariki nyumba ikawa kimya. Nikakuta siwezi kuzima."

Sikujua hili. Nimemjua miaka ishirini na tisa.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Vidonge nimemeza, mke wangu akiwa amesimama hapo. Hakuuliza kuona ulimi, ila alifikiria.

Jumanne, 6 Mei

Hospitali imeniazima mashine ya usingizi. Barakoa ya plastiki usoni, bomba kama mkonga, inanisukumia hewa njia isizibe. Siku ya kwanza niliivua. Ya pili pia. Mke wangu akasema nikiivua mara ya tatu ataishonea kwenye sikio langu kwa uzi wa sare, ambao haukatiki. Nimeamka leo kichwa hakigongi.

Huzuni haijaenda. Mshauri wa hospitali, mama mtulivu asiye na haraka, aliniuliza ninachokikosa zaidi. Nilidhani nitasema pumzi. Nikasema kelele za mashine ya kusugua sakafu.

Alhamisi, 8 Mei

Zoezi la kutembea. Daktari ameagiza dakika ishirini, taratibu, kila siku. Tulitoka mimi na Redio. Akasimama kwa mshona viatu, akauliza habari za gundi. Nami nikaegemea ukuta, pumzi ikarudi. Tukaenda hatua kadhaa, kifua kikaanza kubana, akasimama kwa kinyozi. Nikaegemea. Pumzi ikarudi. Mbele kidogo nikamwona ananitupia jicho, si usoni, mabegani, yanavyopanda na kushuka. Na palepale akaona kitu cha kusoma kwenye mlango wa duka lililofungwa.

"Shemeji," nikamwambia, "duka hilo limefungwa tangu mwaka juzi."

"Ndiyo. Lakini tangazo lake bado zuri."

Nikasubiri mpaka nikapata pumzi ya kutosha. "Tangu lini unafanya hivi?"

"Tangu Machi. Ningekwambia pumzika, ungekasirika."

Hakuna mtu barabarani aliyejua kwamba mzee yule anahema. Wote walidhani anamsubiri mpuuzi wake.

Alhamisi, 15 Mei

Nilikwenda ukumbini kwa fundi mwenzangu. Nilikaa kitini nikanyoosha kidole kwa saa moja na nusu. Vijana walivaa barakoa niliposema, na wakanyunyiza maji kabla ya kusugua niliposema. Mmoja akauliza mbona sisi enzi zetu hatukuvaa. Nikamwambia atazame mbele yake, ajibiwe. Kazi wanaifanya ovyo kidogo, lakini watajifunza. Nilirudi nimechoka sana. Uchovu wa kazi si sawa na uchovu wa kiti.

Jumanne, 20 Mei

Kliniki. Donge limeyeyuka. Mguu umerudi ulivyokuwa. Moyo haujatanuka zaidi. Asidi imetulia. Nguvu ya mapafu imeshuka tena, kidogo, tangu Machi. Mke wangu akauliza moja kwa moja, kama anavyouliza bei sokoni, "Daktari, tuna muda gani?"

Daktari hakukwepa. "Sijui. Miaka, natumaini. Siwezi kuahidi. Tutaendelea kuwalinda hao wengine wasimharakishe."

Mke wangu akasema ahsante. Kwenye ngazi alinishika mkono, tukapumzika mara nne.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua imekatika wiki nzima sasa. Shemeji yuko kwenye ukuta wake tangu asubuhi, anawasomea mafundi maandishi ya mfuko wa saruji, bila shaka.

Saa nne mke wangu alisema ajinyooshe kidogo, mgongo unamuuma, kisha amalizie vifungo. Akajilaza na viatu miguuni. Nilipopita na kikombe changu alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono umening'inia, kidole bado kimevaa kofia ya chuma ya kushonea. Nikamvua viatu. Hakusikia. Huyu mtu ambaye mwaka mzima aliamshwa na kimya.

Saa tano nikamwona mwalimu mkuu anakuja kuchukua sare zilizosalia, mama mwenye sauti ya kupanga mistari uwanjani. Nikatoka kumkabili kabla hajabisha. Ngazi ni tatu, nikasimama katikati, nikamwinulia mkono asubiri.

"Fundi yupo?" akauliza, na madirisha yakasikia.

"Amelala."

"Saa hizi? Anaumwa?"

"Haumwi. Amelala tu."

Akanitazama, nahema mlangoni kwangu kama mlinzi aliyekimbia. Sauti yake ikashuka. "Basi nitapita kesho, baba." Akaondoka kwa ncha za vidole, mwili wote ule.

Nikakaa mlangoni hadi saa nane. Nilirudisha watu wawili na mbuzi mmoja.

Alipoamka alishtuka, akaketi, akatafuta viatu kwa miguu. "Saa ngapi? Mbona hukuniamsha?"

"Nilikuwa napumua," nikamwambia.

Akanitazama kifuani, akaanza kuhesabu, nikaona midomo yake ikicheza. Alifika saba au nane. Kisha akaacha, akageukia ukutani, akalala tena.